Maziwa ya Saa Nne

Mwaka jana niliitwa kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo, katika ukumbi wa hoteli moja pale Kabalagala, Kampala. Kijana mmoja mwenye suti iliyombana alitusimamisha mmoja mmoja tueleze biashara zetu zimeipa nini jamii. Mmoja alikuwa amepanda miti. Mwingine alipeleka magodoro kwenye nyumba ya yatima, na picha alikuwa nazo kwenye simu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Sisi tuliacha kuwapa watu vumbi." Ukumbi ukacheka, kijana naye akacheka kwa adabu, akamwita anayefuata. Nilikaa nimenuna mpaka chai ilipoletwa. Mimi ni mwepesi wa kuudhika, sikatai, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta mahali pa kulimalizia lile jibu langu.

Nalimalizia hapa. Linahusu kinu cha kusaga mahindi kilichoko Kisenyi, ambacho nilikiwakilisha mkutanoni, mwenye kinu ambaye namshukuru kila ninapomkumbuka, na kifua cha mama yangu.

Baba yangu alikuwa polisi, mtu wa kaskazini kama mama. Sisi watoto tulizaliwa kambini, ndiyo maana Kiswahili kilitutoka kinywani kabla ya Kiacholi chenyewe. Baba alipofariki, nyumba ya serikali ikapewa askari mwingine, kama ilivyo kawaida. Hatukuwa na mbele wala nyuma. Tulihamia chumba kimoja Luzira, upande wa kuteremkia Port Bell, na mama akaanza kuzunguka mjini kutafuta kazi akiwa na umri ambao watu humtazama mtu mikono kabla ya kumjibu. Wengi hawakumjibu kabisa.

Aliyemjibu alikuwa Hajji. Babu yake aliletwa Uganda na jeshi la wakoloni kutoka Sudan, akabaki, akazaa, na kizazi chake, Wanubi kama wanavyoitwa huku, kikaachana na bunduki kikashika biashara. Hajji alikuwa mnene, mwenye sauti ya mtu anayeamrisha gwaride hata anapoomba chumvi. Mama alipofika mlangoni kwake na kuanza kujieleza, hakumwacha amalize.

"Mjane ya polisi ni dada yangu," alisema. "Kesho saa moja kuja."

Hakuuliza barua wala mdhamini. Mama alirudi nyumbani akacheka peke yake akiwa anamenya viazi, na mimi, niliyekuwa nimemaliza masomo na sina kazi, nilicheka naye. Ada ya wadogo zangu, kodi ya chumba, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye kile kinu. Baada ya muda Hajji alinichukua na mimi, akaniweka dirishani, mbele, mahali pa kuuzia unga. Mama alikuwa ndani, kwenye mashine, akijaza magunia na kuyashona midomo.

Huko ndani kulikuwa na vumbi. Nikisema vumbi usifikirie lile la barabarani. Mahindi yakikobolewa na kusagwa hutoa unga mwepesi kuliko unga wa kula, unaelea tu, hauna haraka ya kutua. Taa zilikuwa zinawaka mchana kutwa na bado mtu wa upande wa pili humwoni vizuri. Jioni walipotoka, huwezi kujua nani Muganda, nani Mkongo, nani mtu wa Arua. Wote walikuwa na nyusi nyeupe kama mababu. Walijifunga vitambaa puani, lakini kitambaa kikilowa jasho hakipitishi hewa, kwa hiyo wengi walikiteremsha shingoni.

Dawa ya vumbi ilikuwa maziwa.

Kila siku saa nne asubuhi, Hajji alizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamke mmoja, mtu wa Mbarara, aliyekuwa akituletea maziwa alikuwa ameshafika na debe lake, na maziwa yameshachemshwa kwenye sufuria kubwa yenye tangawizi. Tulijipanga na vikombe vya bati. Hajji alisimama na upawa akamimina, mtu kwa mtu, na kila mtu alimwambia neno: wewe umekonda, wewe mke amejifungua, wewe jana ulilewa nimesikia. Yeye alikunywa mwisho, kilichobaki. Mwezi wa Ramadhani waliofunga walipewa yao kwenye chupa waende kufuturia.

Ujanani alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya rangi, na huko mzungu wao alikuwa akiwapa maziwa kila siku ili yasafishe kifua. Hajji aliamini hivyo, sisi tuliamini hivyo, Kisenyi nzima iliamini hivyo, na nadhani nusu ya mafundi wa Kampala wanaamini hivyo hadi leo. Siku ya kazi nyingi, vumbi likizidi, aliongeza kikombe cha pili. Vinu vingine jirani havikutoa hata maji, na vijana wa huko walituita watoto wa ng'ombe, kwa wivu. Nilijivunia kile kikombe. Niliwaambia watu kanisani kwamba mwajiri wetu anatujali, na nilikuwa nasema kweli.

Kisha mama akaanza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha asubuhi tu. Baadaye kikawa cha kupanda mlima kutoka stendi hadi nyumbani, anasimama katikati, anajifanya anamsalimia mtu. Hajji alikuwa wa kwanza kugundua. Akaanza kumpa vikombe viwili, halafu vitatu, na alimsimamia mpaka amalize. "Dada, kunywa. Hii itaosha yote," alimwambia, na mama alikunywa mpaka tumbo likamjaa. Mimi nami nyumbani nilimnunulia mengine, nikaacha kutia maziwa kwenye chai yangu. Kikohozi kilizidi, tukazidisha maziwa.

Nilimpeleka kwenye kituo cha afya kwa nguvu, baada ya jioni moja kushindwa kumaliza sentensi bila kushika ukuta. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpigisha picha ya kifua, akampa kifaa cha kupuliza ili apime pumzi, akamwuliza kazi yake. Mama akajibu haraka kwamba kazi ina vumbi lakini wanakunywa maziwa kila siku. Alisema kama mtu anayetoa cheti.

Daktari alinitazama mimi kwanza, kisha mama.

"Maziwa naenda kwa tumbo, nyabo," alisema, akimheshimu mama kwa neno la Kiganda, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Vumbi iko kwa mapafu. Hiyo njia mbili. Haikutani."

Alieleza mengine taratibu. Kifua kile kilikuwa kimeumia na hakingerudi kama zamani. Lakini kama mama angetoka kwenye vumbi sasa, kingeweza kusimama pale kilipofika. Akibaki, kitaendelea kushuka, na itafika siku hata kuvuka chumba kitamshinda. Tulitoka pale. Mama alitembea mbele yangu kama mtu aliyesikia habari za jirani.

Nyumbani tuligombana, jambo ambalo kwetu ni nadra. Nilimwambia aache kazi. Akauliza tutakula nini. Nikamwambia basi tumweleze Hajji. Hapo ndipo alipokuwa mkali kweli.

"Ile mtu alitupata tunalala na njaa, akatuchukua," alisema. "Sasa mimi niende nimuambie kazi yake naniua? Na maziwa yake ni kazi bure? Hapana. Hiyo aibu sitafanya."

Nilielewa, na kuelewa huko kuliniuma zaidi. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa ameokotwa mahali. Mmoja alitoka Kongo na nguo alizovaa, mwingine alitoka gerezani na hakuna aliyemtaka. Shukrani ilikuwa imetufunga midomo sote, na Hajji, maskini, hakuwa na habari. Angejuaje? Kila siku saa nne alikuwa anaona watu wananyoosha vikombe wakimwambia Mungu akubariki.

Nilijikaza siku chache. Nilifungua dirisha, niliuza unga, niliwajibu wateja vibaya. Halafu asubuhi moja mashine zikazimwa kwa ajili ya maziwa, nikajipanga kama kawaida nyuma ya mama. Hajji akammiminia cha kwanza, mama akanywa, akapaliwa, akakohoa mpaka akachuchumaa. Hajji akachota kingine, akasema kwa huruma, "Ongeza, dada." Zamu yangu ilipofika nikakigeuza kikombe changu chini juu.

"Sitaki, Hajji."

Kwa Mnubi, kwa Muganda, kwa mtu yeyote wa pale, kukataa kinywaji anachokumiminia mkubwa kwa mkono wake, mbele ya watu, ni tusi. Yule mama wa maziwa alishika mdomo.

"Iko na wadudu?" Hajji aliuliza.

"Maziwa ni mazuri. Lakini hayafiki kifuani, Hajji. Yanaenda tumboni. Daktari amesema. Mama anakufa kwa vumbi, na sisi tunamnywesha maziwa."

Uso wake ulibadilika rangi. Aliuweka upawa kwenye sufuria polepole sana. Kisha sauti ya gwaride ikatoka, akaniambia nitoke, niende, nisirudi, mtoto asiye na adabu, watu wangapi Kisenyi wanatamani kikombe kama hiki. Mama alikuwa ameshapiga magoti sakafuni kwenye unga, akimwomba radhi kwa niaba yangu, anakohoa na kuomba, anaomba na kukohoa. "Hajji, samehe, hii mtoto yangu iko na mdomo mubaya tu." Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwa ajili ya yale magoti, wala sijawahi kuwa na hakika kama ile kwamba nilichosema ni kweli.

Nililala macho. Mama hakusema nami. Asubuhi akaenda kazini kama kawaida, mimi nikabaki nikifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kabla ya adhuhuri pikapu ya Hajji, ile nyekundu aliyokuwa akiing'arisha mwenyewe kila Jumapili, ikasimama nje ya chumba chetu. Mama alikuwa mbele. Hajji alitoa kichwa dirishani, hakunisalimia.

"Panda," alisema. "Nipeleke kwa huyo daktari yako. Nataka yeye anisemee mimi kwa masikio yangu."

Daktari alimwambia. Alimwonyesha picha ya kifua cha mama kwenye mwanga, akaweka kidole hapa na pale. Hajji hakubisha hata neno moja. Aliuliza swali moja tu, kama yale maziwa ya ujanani mwake kwenye karakana ya rangi nayo yalikuwa kazi bure. Daktari akasema ndiyo. Tukiwa njiani kurudi, kwenye foleni, aliniambia bila kugeuka kwamba wenzake wengi wa ile karakana walikufa wangali vijana, na kila alipozika mmoja alikuwa akijiambia kwamba huyo labda hakuwa akimaliza kikombe chake.

Alikifunga kinu. Alikifunga wakati wa mavuno, mahindi yanaingia kwa malori, wenzake wa mtaa mzima wanasaga usiku na mchana. Walimcheka. Wateja wetu wakubwa walihamia kwa jirani, na baadhi yao hawakurudi tena. Pikapu nyekundu ikauzwa. Sisi wote tulilipwa kama tunafanya kazi, na wengi kweli tulifanya, maana aliwaleta mafundi wa gereji za pale pale Kisenyi, wachomeleaji wanaounda bodi za malori, akawaambia wamtengenezee kitu cha kunyonya vumbi. Walitundika mabomba ya bati juu ya kila mashine, yakakusanyika kwenye feni kubwa, na feni ikapuliza kwenye mifuko mirefu ya kitambaa iliyoning'inia ua wa nyuma. Mama alishona mifuko ile, ameketi nje kwenye hewa. Iliharibika mara kadhaa. Mara moja mfuko ulipasuka ukamfunika fundi mkuu, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kikombe nilimwona Hajji akicheka.

Siku ya kufungua alikuja amevaa shati jeusi, suruali nyeusi, kofia nyeusi, mtu ambaye miaka yote tulimjua kwa kanzu nyeupe. Akaagiza kiti kiwekwe katikati ya mashine. Akakaa. Mashine zikawashwa, yeye mikono magotini. Baada ya muda akainuka akatoka juani, akatuita tumtazame mabegani. Palikuwa na weupe.

"Bado," alisema. "Zima."

Mafundi walirudi. Alikalia kiti kile tena na tena mpaka siku shati lilipotoka jeusi.

Sasa kile kinachokusanyika kwenye mifuko tunawauzia wafuga kuku, wanakichanganya na pumba. Zamani kilikuwa kinaingia vifuani mwetu na kwenye paa za majirani. Mwanamke anayekaa nyuma ya kinu aliniambia anaanika nguo nje siku hizi. Wenye vinu wengine waliomcheka Hajji walikuja mmoja mmoja, wakijitia wamepita tu, na yeye akawaruhusu wapime mabomba kwa kamba na kuwachukua mafundi wale wale. Nilimuuliza kwa nini anawapa bure kitu kilichomgharimu pikapu yake. Akaniuliza kama vumbi la jirani huwa linaomba ruhusa kabla ya kuingia kwetu. Na yale maziwa hakuyaacha. Alitangaza kwamba kuanzia sasa ni ya kunywa tu, hayana kazi nyingine, na yule mama wa Mbarara, aliyekuwa ameanza kulia kimya kimya kando ya debe lake, akapangusa macho kwa leso.

Mama alihamishiwa dirishani kwangu. Tulibanana pale, tukagombania kiti, akawaharibia wateja wangu kwa kuwaongezea unga juu ya kipimo. Mlima wa nyumbani bado alisimama katikati, ila sasa alisema wazi kwamba anapumzika. Miezi ikapita, tukarudi kwa daktari, akapiga picha nyingine akaiweka kando ya ile ya kwanza. Akasema zinafanana.

Tulikwenda kinuni moja kwa moja. Ilikuwa saa nne, watu wamejipanga. Hajji alituona mlangoni, akasimama na upawa hewani.

"Daktari nasema nini?"

"Kimesimama, Hajji," mama alisema. "Hakijashuka."

"Hakijapona?"

"Hakiponi. Kimesimama."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Machozi yalimtoka waziwazi, akayaacha yatoke. Halafu akaigeukia foleni, akauliza nani mwingine anakohoa. Hakuna aliyejibu. Nilimwona mpagazi mmoja, mtu wa Arua, akitazama viatu vyake. Niliwahi kumsikia akikohoa nyuma ya lori akidhani yuko peke yake. Hajji akauliza tena, taratibu, bila ile sauti. Ndipo alipoweka upawa chini, akainua mkono wake mwenyewe juu, kama mtoto wa shule.

"Mimi nakohoa," alisema. "Zamani sana. Sijaambia mtu."

Yule wa Arua akainua wake. Kisha Mkongo. Kisha mikono ikawa mingi.

Tulipanda lori la mahindi, wote. Kwenye kituo cha afya tulilijaza benchi, tukajaza na sakafu. Zamu ya Hajji ilipoitwa hakunyanyuka. Alikuwa ameshika magoti, mtu mzima yule, anautazama mlango wa chumba cha picha. Mama alimwendea, akamvua kofia akaishika yeye, akamwinua kwa mkono.

"Ingia, Hajji," alimwambia. "Haiumi. Watasema vuta pumzi, wewe vuta ile yako yote iko. Usiwafiche."